Simu yako imebeba barua ipi?

Jumapili iliyopita, watu wakiwa bado wanasalimiana nje ya kanisa, mama mmoja alinivuta pembeni. Mkononi alikuwa na simu ya binti yake aliyomnyang'anya usiku. Akaniuliza, "Mzee wangu, niambie ukweli. Kitu hiki ni cha Mungu au ni cha shetani?"

Nikamuuliza kimefanya nini. Akasema usiku alimkuta binti yake analia. Wenzake walikuwa wamemsema kwenye kundi la WhatsApp, na mmoja akaweka picha yake ili wengine wacheke. Nikamwambia, basi ifungie kabatini. Akatabasamu kwa huzuni, akasema, "Nitaifungiaje? Kaka yake aliyeko Mwanza ananitumia hela ya dawa kwa simu hiyohiyo, maana yangu imekufa."

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe wiki moja. Leo namjibu, na wewe msomaji utusikilize, kwa sababu nadhani swali lake liko katika nyumba nyingi. Jibu nimelikuta katika kitabu cha Esta. Mfano wake ninao nyumbani kwetu Mara, katika wilaya za Tarime na Serengeti, ambako simu imeokoa watoto, na ambako kwa mkono wangu mimi mwenyewe simu nusura imponze mmoja.

Barua mbili

Ukisoma Esta sura ya 3, utamkuta Hamani amepata ruhusa ya mfalme Ahasuero ya kuwaangamiza Wayahudi wote, vijana kwa wazee, watoto na wanawake, kwa siku moja: tarehe 13 ya mwezi wa 12, uitwao Adari. Waandishi wakaitwa, barua zikaandikwa, zikatiwa muhuri kwa pete ya mfalme, wakakabidhiwa matarishi. Ufalme ule ulikuwa na majimbo 127, tangu Bara Hindi hadi Kushi, na barua ilipelekwa katika kila jimbo. Matarishi walipokuwa wakikimbizana na njia, mfalme na Hamani waliketi wakanywa, na watu wa mji wa Shushani wakabaki wamefadhaika.

Sasa fungua sura ya 8. Hamani amekwisha kuondoka duniani, na barua nyingine zinaandikwa ili Wayahudi waruhusiwe kujitetea. Wanaoandika ni waandishi wa mfalme. Muhuri ni wa pete ileile. Wanaobeba ni matarishi juu ya farasi wa mfalme, na wanakwenda katika majimbo yaleyale 127. Barua ya kwanza iliandikwa tarehe 13 ya mwezi wa kwanza. Ya pili iliandikwa tarehe 23 ya mwezi wa tatu. Ni miezi miwili na siku kumi tu. Njia ile iliyopeleka mauti ikapeleka uzima.

Kwa hiyo, mama yangu, simu ni tarishi. Hubeba inachopewa, na haiulizi.

Lakini naomba tusiishie hapo. Tumezoea kusema kwamba kisu hukata nyama na hukata kidole, kisha tunarudi nyumbani tumeridhika, wala hatujajifunza namna ya kukishika kisu. Twende Mara, tutazame kwa karibu.

Mwezi wa kumi na mbili

Adari ya Wayahudi si Desemba yetu. Hata hivyo, kwa wasichana wengi wa Tarime na Serengeti mwezi wa 12 umekuwa mwezi wa hofu. Shule zinafungwa, wazee wa mila wa koo wanatangaza msimu wa tohara, mara nyingi katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na pamoja na wavulana wanapangwa wasichana wa kukeketwa. Binti aliyekeketwa huhesabiwa kuwa amekua, yuko tayari kuolewa, na ng'ombe wa mahari wanaanza kuhesabiwa. Anayekataa huitwa msagane, neno ambalo kwa Wakurya linachoma kuliko fimbo.

Sheria haijanyamaza. Tangu mwaka 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana inamhukumu anayemkeketa au kusababisha akeketwe msichana wa chini ya miaka 18 aliye katika malezi yake kifungo cha kati ya miaka 5 na 15, au faini, au vyote viwili. Hali inabadilika pia, ingawa polepole. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Mara, wanawake 32 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa Taifa ulikuwa 10. Utafiti wa mwaka 2022 ukaonyesha Mara imeshuka hadi 28, na Taifa 8. Namba zimeshuka, lakini mtoto anayeshikwa usiku wa leo hapati nafuu yoyote kwa kushuka kwa namba.

Mtoto huyo anahitaji mtu ajue. Anahitaji habari yake imfikie mwenye uwezo wa kumtoa, kabla ngariba hajafika. Hapa ndipo simu inapoingia.

Mjumbe aitwaye Hathaki

Katika Esta sura ya 4 yupo mtu ambaye wahubiri wengi humpita bila kumtazama. Anaitwa Hathaki. Alikuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme aliyewekwa kumhudumia Esta. Malkia alisikia kwamba Mordekai amevaa gunia na analia langoni, lakini hakujua sababu, kwa maana habari za nje hazikuwa zimemfikia. Akamtuma Hathaki akaulize jambo hili ni nini, na limetokana na nini.

Mtazame Hathaki anavyofanya kazi yake. Kwanza, anakwenda kwa mwenyewe aliyepatwa na jambo, hasikilizi ya barabarani. Pili, anapewa nakala ya ile amri, anaibeba, ili neno lake liwe na ushahidi. Tatu, anaipeleka kwa mtu mmoja tu, Esta, kwa kuwa ndiye anayeweza kuingia kwa mfalme. Njiani hamsimulii mtu. Haongezi chumvi. Taifa zima liliokoka, na sehemu ya wokovu ule ilipita katika mikono ya mjumbe aliyejua kutunza ujumbe.

Huko Mara wako akina Hathaki wa leo, na wengi wao ni wanawake wa vijijini.

Mwaka 2015 Mwingereza aitwaye Janet Chapman alianzisha kazi ya kujitolea iitwayo Crowd2Map. Tatizo lilikuwa rahisi kulieleza: vijiji vingi vya Tanzania havikuwa kwenye ramani za mtandaoni. Ukipigiwa simu usiku kwamba msichana fulani anakeketwa alfajiri katika kitongoji fulani, gari la polisi litapita njia ipi? Maelfu ya watu wa nchi mbalimbali, wengi wasiojuana, wakaitana kupitia mtandao, wakakaa majumbani mwao wakitazama picha za setilaiti na kuchora nyumba, barabara na mito ya vijiji ambavyo hawajawahi kuvikanyaga. Wenyeji wenye simu wakaongeza majina: hapa ni shule, hapa ni zahanati, hapa ni njia ya kwenda mtoni. Ramani ile huweza kuwekwa kwenye simu ikafanya kazi hata mahali pasipo na mtandao.

Mwaka 2017, Rhobi Samwelly, mwanamke wa Mara aliyekeketwa akiwa na miaka 13 akavuja damu nusura afe, alianzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania. Shirika hilo lina nyumba salama Kiabakari wilayani Butiama na Mugumu wilayani Serengeti. Vijijini limewafundisha wanawake kutumia simu janja. Mwanamke huyo akisikia binti yuko hatarini, au mke amepigwa, huandika taarifa kwenye programu maalumu, pamoja na mahali palipotokea, na taarifa inakwenda kwa wahusika. Wahusika wanafanya kazi pamoja na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Upande wa Tarime, kituo cha Masanga, chini ya malezi ya Kanisa Katoliki, kimekuwa kikiwapokea wasichana msimu wa Desemba ukifika, wakafundishwa, wakaingizwa utu uzima bila wembe.

Tazama mwanamke yule wa kijijini anavyofanana na Hathaki. Anajua jambo ni nini. Analo la kuonyesha. Analipeleka kwa anayeweza kutenda. Jirani yake anaweza asijue kabisa kwamba ameandika kitu. Asubuhi mtoto hayupo kwa ngariba, yuko salama. Hakuna aliyebonyeza kidole cha kupenda, hakuna aliyepata wafuasi.

Kosa langu

Sasa nije kwangu mimi ninayewafundisha wengine.

Miaka michache iliyopita, mwezi huohuo wa Desemba, ndugu yangu mmoja alinitumia picha ya binti aliyekimbia kwao usiku kabla ya siku ya kukeketwa. Alitembea peku hadi barabarani, akasaidiwa, akafikishwa kwenye nyumba ya kulelea. Ndugu yangu akaniandikia maneno machache: tumwombee mtoto huyu.

Moyo wangu uliguswa kweli. Katika kuguswa huko nikaichukua ile picha, na jina lake, na kijiji chake, na mahali alipo, nikaweka vyote kwenye kundi letu la maombi lenye watu karibu 200. Nikaandika kwamba huu ni ushuhuda wa mkono wa Bwana. Amina zikamiminika. Nakiri mbele yenu kwamba nilikuwa naziangalia zikiongezeka, na nilifurahi.

Jioni nilipigiwa simu na mlezi wa nyumba ile. Picha ilikuwa imefika kwa baba mdogo wa yule binti. Hakuwa mwana kundi letu. Mtu mmoja alimtumia mwenzake, naye akamtumia mwingine, na katika ukoo habari haina mlango. Kesho yake asubuhi wanaume wanne walikuwa langoni wakimdai mtoto wao. Ilibidi ahamishwe usiku uliofuata. Hakudhurika, namshukuru Mungu. Lakini mlezi aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Mtoto alikuwa ameanza kulala bila kushtuka. Sasa tumeanza upya." Kisha akaniuliza, "Baba, wewe ulituombea, au ulitutangaza?"

Mithali 11:13 inamweka upande mmoja msengenyaji anayefunua siri, na upande wa pili mwenye roho amini anayelisitiri jambo. Siku zote nilijiweka upande wa pili, kwa sababu sisengenyi. Siku ile nikagundua kwamba siri inaweza kufunuliwa pia kwa nia njema, na kwa maneno ya kiroho.

Kosa langu lilikuwa la mtu aliyesahau Hathaki. Nilikuwa na habari iliyostahili kufika kwa watu wawili au watatu wenye uwezo wa kusaidia. Nikawapa watu 200 ambao wasingeweza kufanya lolote isipokuwa kuandika amina.

Na wapo wanaofanya hivyo bila hata nia njema. Simu ileile inayomwita polisi inaweza kumwambia ngariba kwamba polisi wanakuja, ahame kitongoji. Inaweza kupanga safari ya kumvusha binti mpaka wa Sirari, akafanyiwe upande wa pili, kwa kuwa Wakurya wako Tanzania na Kenya na undugu hauna mpaka. Jambo hili ndilo lililowakutanisha mawaziri wa nchi za ukanda wetu Mombasa, Aprili 2019, wakaazimia kushirikiana dhidi ya ukeketaji wa kuvuka mipaka. Simu hiyohiyo inaweza kumfuata binti aliyekataa kukeketwa hadi shuleni kwake, ikamwita msagane mbele ya darasa zima, wakati mama yake anadhani yuko chumbani anajisomea.

Kufuta hakutoshi

Baada ya ile simu ya mlezi nilikimbilia kufuta. Kwenye kioo ikaandikwa kwamba ujumbe umefutwa. Nikashusha pumzi. Lakini ulikuwa umefutwa kwenye kundi letu tu. Makundi mengine ulikoshahamia niliufutia wapi?

Hapa Esta ananifundisha tena. Katika sura ya 8, Esta anamlilia mfalme aitangue barua ya Hamani. Mfalme anampenda, na Hamani ameshakufa, lakini mfalme hawezi. Barua iliyoandikwa kwa jina la mfalme na kutiwa muhuri wa pete yake haitanguki. Kilichowezekana ni kimoja: kuandika barua nyingine, na kuituma haraka kila mahali ilikofika ya kwanza. Tena sura hiyo inasema kila watu waliandikiwa kwa mwandiko wao na kwa lugha yao.

Ndugu yangu, tunaishi chini ya amri kama zile. Ulichokituma hakirudi. Unaweza kutubu na Mungu akakusamehe leo hii, lakini picha bado inatembea. Kwa hiyo toba ya mtandaoni ina kazi ya mikono. Mimi nilirudi kwenye kundi, nikaandika kwamba nimekosa, nikaeleza kosa ni nini, nikamwomba kila aliyeisambaza picha awafuate mmoja mmoja wale aliowatumia. Ilikuwa aibu. Wengine walisema najikuza. Lakini usiku ule watu wawili walinipigia faragha, kila mmoja na habari ya binti mwingine aliye hatarini, wakitaka kujua waipeleke wapi. Kundi lililokuwa limebeba picha ya kuponza likabeba swali la kuokoa. Ndiyo barua yangu ya pili, na sikuiandika kwa ushujaa, niliiandika kwa fedheha.

Maswali matatu kabla ya kubonyeza

Tangu wakati ule nina maswali matatu niliyojifunza kwa Hathaki. Yachukue kama yatakufaa.

La kwanza: jambo hili ni nini hasa? Nimelithibitisha kwa mwenyewe, au nimelikuta tu? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo, lakini kwa Mkristo hofu ya sheria isiwe ndiyo ya kwanza. Mathayo 12:36 inatuonya kwamba hata neno lisilo maana tutalitolea hesabu.

La pili: natuma kwa nini? Kumsaidia mtu, au nionekane wa kwanza kujua? Mitandao yetu imejengwa ili tuhesabiwe: wangapi wametazama, wangapi wamependa. Hathaki hakuhesabiwa.

La tatu: nani anaweza kutenda? Ukijua mtoto yuko hatarini, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto, mwone ofisa ustawi wa jamii au mtendaji wa kijiji unayemwamini. Mithali 31:8 inatuagiza tufumbue kinywa kwa ajili ya asiyeweza kujisemea. Kwa hiyo kunyamaza nako ni dhambi. Picha ya mtoto, jina lake, shule yake na mahali alikofichwa viache mahali pake. Tangu mwaka 2022 tuna hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kanisa lisingoje kukumbushwa na Serikali.

Na wachungaji wenzangu, viongozi wa kwaya na wa vikundi vya maombi, tuweke utaratibu: haja ya maombi inaweza kutajwa bila jina. Bwana anamjua mtoto huyo hata tukiandika tu, "binti mmoja."

Nimalizie na mama yangu wa Jumapili iliyopita. Usiivunje simu, na usiirudishe kimyakimya. Keti na binti yako, mfungue pamoja, akuonyeshe alichoandikiwa, na umsikilize mpaka amalize kabla hujatoa ushauri. Kisha nenda kwa wazazi wa wale wenzake, kwa miguu, bila hasira, mzungumze. Na usiku huu kabla hajalala, kwa kuwa barua ya kwanza imeshamfika na haiwezi kurudi, mwandikie ya pili. Chukua simu ya jirani kama yako bado imekufa. Mwandikie kwa lugha mnayoongea jikoni kwamba ni binti yako na unampenda. Aisome akiwa peke yake.

Tuombe. Baba wa mbinguni, utusamehe tulichokisambaza bila kufikiri. Walinde binti zetu wa Tarime na Serengeti na wa kila mahali, msimu huu na yote ijayo. Wape nguvu wanaobeba habari zao usiku bila kutafuta sifa. Utufundishe kusema palipo na haja ya kusema, na kusitiri palipo na haja ya kusitiri. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.